Kuona si Kutazama: Habari ya Vitenzi vya Fahamu katika Lugha ya Kiingereza

Kila mwalimu aliyepata kufundisha Kiingereza katika shule zetu ameyakuta maneno kama haya vinywani mwa wanafunzi: "I am hearing hunger", "I looked him yesterday in the market", "I hear a bad smell". Nao wasemao hivyo si wajinga. Wamejifunza kwamba "hear" ni kusikia na "look" ni kutazama, wakatumia walichopewa. Kosa halikuanza kwao. Lilianza katika orodha ya maneno iliyoandikwa ubaoni, neno la Kiingereza upande huu na neno la Kiswahili upande wa pili, kana kwamba lugha mbili ni mizani ambayo sahani zake zalingana siku zote.

Katika makala hii twataka kueleza historia ya vitenzi hivyo, yaani vile vitajavyo kazi ya milango mitano ya fahamu: macho, masikio, ngozi, pua na ulimi. Hatukusudii kutoa kanuni tu, kwa maana kanuni isiyo na sababu husahauliwa kabla mtihani haujaisha. Twakusudia kuonyesha kila neno lilitoka wapi, na lilichukua mzigo gani njiani. Kwani mtu ajuaye ukoo wa neno si rahisi alichanganye na jirani yake. Wala jambo hili si la darasani tu. Tutaona mbele kwamba hata haki ya mtu mbele ya hakimu yaweza kutegemea neno moja la namna hii.

ASILI YA LUGHA YENYEWE

Kiingereza kililetwa katika kisiwa cha Britania na makabila ya Kijerumani, Waangli na Wasaksoni na wenzao, waliovuka bahari tangu karne ya 5. Lugha yao ya kale ndiyo iliyozaa maneno mafupi yatumikayo kila siku: "see", "look", "watch", "hear", "listen", "feel". Hata mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa wakaishinda nchi, na kwa muda mrefu wakubwa walisema Kifaransa na watu wa chini wakasema Kiingereza. Ndipo maneno ya Kifaransa, na nyuma yake Kilatini, yakaingia kwa wingi: "perceive", "observe", "notice", "taste".

Basi mwanafunzi akutanapo na maneno mengi ya jambo linaloonekana kuwa moja, na ajue kwamba amekuta tabaka mbili za historia, moja juu ya nyingine. Nasi tunayo hali iyo hiyo. Kuona na kusikia ni maneno yetu ya Kibantu tangu asili. Lakini kuhisi, kufahamu na ladha ni wageni waliotoka Uarabuni, wakakaa hata wakawa wenyeji.

MACHO

Tuanze na "see". Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "seon", na maana yake tangu hapo ni hii: kitu kimefika machoni, nacho kimetambuliwa. Mwenye kuona hakufanya kazi; jambo limempata. Wazee wetu walisema, Macho hayana pazia; na mithali hiyo ni maelezo bora ya "see" tuwezayo kumpa mwanafunzi. Mtu apitaye njiani huona miti na mbuzi na watoto wachezao, ijapokuwa hakukusudia kuona hata kimoja.

"Look" ni neno jingine kabisa. Latoka katika "locian", nalo lataja kazi ya kuelekeza macho. Hapa mtu amekusudia. Walakini kuelekeza macho si kupata. Mwingereza husema pasipo kujipinga, "I looked but I saw nothing", nasi twasema vivyo hivyo, "Nalitazama nisione kitu". Na kwa kuwa "look" ni kuelekeza, halikamiliki bila neno la kuonyesha upande: "look at" kwa kutazama kitu, "look into" kwa kuchungulia ndani au kuchunguza habari, "look for" kwa kutafuta, "look after" kwa kutunza. "See" halihitaji msaidizi huyo, maana kitu kimekwisha kufika. Mwanafunzi asemaye "I looked him" ameacha kutuambia macho yake yalielekea wapi.

"Watch" lina historia ya kupendeza kuliko yote mawili. Latoka katika "wæccan", nalo ni ndugu wa "wake", yaani kuamka. Maana yake ya kwanza haikuwa kutazama, bali kukesha. Mlinzi wa mji aliitwa kwa neno hilo kwa sababu hakulala. Zamu za usiku ziliitwa "watches". Na mabaharia hata leo hulitumia kwa zamu zao, ambazo kwa desturi ya merikebu ni za saa nne nne. Kutoka katika kukesha neno likapata maana ya kulinda, na kutoka katika kulinda likapata maana ya kufuatia kwa macho jambo linaloendelea. Hapo ndipo lilipoachana na "look at". Kwa picha iliyotundikwa ukutani Mwingereza husema "look at", kwa maana picha haitabadilika. Kwa mchezo wa mpira, au maji yaliyo karibu kuchemka, au mtoto ajifunzaye kutembea, husema "watch", kwa maana mtazamaji angoja jambo litokee. Kiswahili kina neno lililo karibu sana nalo, yaani kuangalia. Tukimwambia mtu aendaye kando ya shimo, "Angalia!", hatumwalika atazame uzuri wa nchi, twamwonya ajilinde.

Asiyeijua habari hii ataisoma vibaya tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Huko, katika habari za Gethsemane katika Mathayo sura ya 26, "watch" si kutazama. Ni kukesha, kama walivyoandika kwa haki wafasiri wa Kiswahili. Kadhalika tafsiri ile imejaa neno "behold". Hilo latoka katika "behealdan", na ndani yake mna neno la kushika, "hold"; ni kushika kwa macho. Leo halisemwi katika mazungumzo ya kila siku, wala mwalimu asimwache kijana aliyelipenda katika kusoma kwake aandike katika barua, "Behold, I have received your parcel".

Maneno haya ya asili yakikaa vema, yale ya Kilatini hayatamsumbua mtu. "Observe" maana yake ya kwanza katika Kiingereza ilikuwa kushika amri au sikukuu, na maana hiyo ingaliko; kutazama kwa uangalifu kulikuja baadaye. Basi lafaa kwa mwenye kuchunguza, kama mganga amtazamaye mgonjwa au mtaalamu atazamaye nyota. "Notice" ni kutambua jambo ambalo wengine wangaliweza kulipita. Neno hili lilipofanywa kitenzi halikupendwa na wote. Tarehe 26 Desemba 1789 Benjamin Franklin wa Marekani alimwandikia barua Noah Webster, mtunga kamusi, akalalamika juu ya maneno mapya aliyoyakuta nchini mwake aliporudi kutoka Ufaransa, na "notice" lilikuwa mojawapo. Malalamiko yake hayakufaa kitu. Leo hakuna alishangaaye. Lugha haingoji ruhusa ya wazee wake.

Yako pia maneno mawili yaliyoundwa kwa namna moja, yakaishia mahali mbalimbali. "Oversee" ni kuona kutoka juu, na maana yake ni kusimamia kazi. "Overlook" nalo ni kutazama kutoka juu, lakini mara nyingi maana yake ni kupitisha macho juu ya kitu na kukiacha, ama kwa kusahau ama kwa kusamehe. Na jina "oversight" lachukua maana zote mbili, usimamizi na kosa la kutoona. Msimamizi akilisoma neno hilo katika taarifa juu ya kazi yake, hana budi kusoma sentensi nzima kabla hajajua kama anasifiwa au analaumiwa. Nao wasomaji wetu walio makasisi watafurahi kukumbuka kwamba "bishop" na askofu ni neno moja. Yote mawili yatoka katika neno la Kiyunani "episkopos", yaani mwangalizi. Moja lilipita kwa Kilatini hata likafika Kiingereza cha kale, na la pili lilipita kwa Kiarabu hata likafika pwani yetu.

MASIKIO

"Hear" na "listen" yakaa kama "see" na "look" yakaavyo. "Hear", zamani "hieran", ni sauti kufika sikioni. "Listen", zamani "hlysnan", ni kutega sikio. Kwa sababu ile ile tuliyoitaja, "listen" hutaka "to" mbele ya kile kisikilizwacho, na "hear" halitaki. Mvua inyeshapo usiku juu ya bati, hata aliye nusu usingizini huisikia, naye asubuhi atasema, "I heard the rain". Lakini aliyeketi akitega sikio ajue kama mto umefurika, huyo ndiye asemaye, "I listened to the river". Herufi "t" katika "listen" haitamkwi. Iliingia kwa kufuata neno jingine la ukoo huo, "list", lililokuwa na maana iyo hiyo ya kusikiliza.

Kiswahili hakikuhitaji mizizi miwili kwa kazi hii. Kutoka katika kusikia twapata kusikiza na kusikiliza, tena kusikika kwa sauti iwafikiayo watu, na kusikilizana kwa watu waliopatana. Kiingereza hakina viungo vya namna hiyo, hivyo hulazimika kuchukua neno jingine kila mara.

Liko jambo moja la zamani lizipatanishalo lugha hizi. "Hieran" halikuwa kusikia tu. Lilikuwa kutii pia, na "hiersumnes" ilikuwa utii. Kilatini kilifanya vile vile: neno "obey", lililoingia katika Kiingereza kwa njia ya Kifaransa, latoka katika "oboedire", ambalo ndani yake mna "audire", kusikia. Nasi je? Twasema mtoto huyu ni msikivu, na yule hasikii, ijapokuwa masikio yake ni mazima. Asiyesikia la mkuu huona makuu. Walakini Kiingereza cha leo kimeiacha maana hiyo katika "hear", kikaihamisha kwa "listen". Mzazi aliyechoka husema kwamba mwanawe "does not listen". Kwa hiyo mtu akifasiri "Mtoto huyu hasikii" kwa kusema "This child does not hear", amempeleka kwa mganga wa masikio mtoto aliyehitaji kuonywa tu.

NGOZI, PUA NA ULIMI

Hata hapa tumekiona Kiingereza kuwa tajiri wa maneno. Tukifika kwa milango mitatu iliyobaki, utajiri huo wakoma. "Feel", "smell" na "taste", kila moja lafanya kazi tatu peke yake. Kazi ya kwanza ni tendo la mtu akusudiaye. Ya pili ni jambo limpatalo mtu. Ya tatu ni hali ya kitu chenyewe. Mpishi asema "I smelt the milk", yaani aliyanusa maziwa ajue kama yameharibika. Mpita njia asema "I smelt smoke", yaani harufu ya moshi ilimfikia. Na ua "smells sweet", yaani lanukia. Kiswahili hutenga haya matatu: kunusa, kusikia harufu, na kunuka au kunukia. Tena kwa sauti moja ndogo tu iliyoongezwa, sisi hutenga hata harufu mbaya na nzuri: kinukacho twakikimbia, kinukiacho twakikaribia.

Historia ya Kiingereza katika jambo hili yafaa kusimuliwa. Wasemaji wake wa kale walikuwa na neno "stincan", nalo lilikuwa kutoa harufu, iwe nzuri iwe mbaya. Hata ua liliweza kusemwa hivyo bila matusi. Baadaye likaelemea upande mmoja, na leo "stink" ni kunuka vibaya tu. "Smell" halionekani katika maandiko ya Kiingereza cha kale. Laanza kuonekana katika karne ya 12, wala asili yake haijulikani. Likachukua kazi zote. Nalo pia limeanza kuelemea: mtu akisema chumba "smells", asiongeze neno, kila msikiaji atafahamu kwamba chanuka.

"Taste" ni mgeni kutoka Ufaransa. "Taster" ilikuwa kugusa na kupapasa. Ikawa kujaribu, kisha kujaribu kwa ulimi, yaani kuonja. Neno la wenyeji likasukumwa kando, na mabaki yake ni "smack". "Feel", zamani "felan", nalo lilianza mkononi, likawa kupapasa, kabla halijaingia moyoni likawa kuona huzuni au furaha. Kwa hiyo "touch" na "feel" si kitu kimoja. Mtu aweza kuugusa ukuta kwa bahati, na hapo ni "touch". Bali apapasapo gizani akitafuta mlango, hapo ni "feel". Katika "touch" mkono umefika. Katika "feel" mkono waulizia habari.

Mfano ulio kamili wa mambo haya ni Mwanzo sura ya 27, nao wafaa kusomwa darasani katika lugha zote mbili. Isaka amekuwa mzee, na macho yake hayaoni. Mlango mmoja wa fahamu umefungwa; basi ajaribu minne iliyobaki. Asikia sauti, nayo ni ya Yakobo, apapasa mikono, nayo yafanana na ya Esau, ala chakula, kisha apata harufu ya mavazi. Tafsiri ya mwaka 1611 yatumia "feel" kwa kupapasa na "smell" kwa harufu. Mwanafunzi ambaye kwake maneno yote haya ni "kusikia" hatatambua ni wapi hadithi ilipogeuka. Sikio la mzee lilisema kweli, lakini yeye aliuamini mkono.

WALIYOYASEMA WATAALAMU

Wasemaji walizishika tofauti hizi kabla wataalamu hawajazipa majina, lakini majina yametusaidia. Mwaka 1949 Gilbert Ryle, mwanafalsafa wa Oxford, katika kitabu chake "The Concept of Mind", alitenga maneno ya kazi na maneno ya kufanikiwa. Kutafuta ni kazi, kupata ni kufanikiwa. Kadhalika "look" na "listen" ni kazi. "See" na "hear" ni kufanikiwa. Hapo mwalimu apata kipimo chepesi. Kazi yaweza kufanywa kwa bidii au kwa uvivu. Kwa hiyo twasema "listen carefully" na "look carefully". Lakini hakuna asemaye "hear carefully", kwa maana sauti ama imefika ama haikufika.

Kipimo hicho chaeleza pia kosa ambalo wanafunzi wetu hulifanya zaidi ya yote. Kiswahili chasema "ninaona ndege", na mwanafunzi aionapo "-na-" hugeuza moja kwa moja, "I am seeing a bird". Kwa Mwingereza umbo hilo la "-ing" ni la kazi iendeleayo, na kuona si kazi. Yeye husema "I see a bird", au mara nyingi zaidi "I can see a bird". "I am looking", "I am listening" na "I am watching" ni sahihi, kwa kuwa hizo ni kazi. "I am seeing the doctor tomorrow" ni sahihi pia, lakini hapo "see" limekuwa kwenda kuonana na mtu, jambo la kupangwa.

A. S. Hornby, aliyekwenda Japani mwaka 1924 kufundisha Kiingereza, alitambua kwamba mgeni hapotei kwa kutojua maana tu, bali kwa kutojua kitenzi hufuatwa na nini. Kamusi aliyoitunga pamoja na wenzake ilitoka Tokyo mwaka 1942, ikatolewa na Oxford mwaka 1948, nayo ilionyesha namna za sentensi ambazo kila kitenzi chaweza kuingia. Vitenzi vyetu vya fahamu vyahitaji sana msaada huo. "I saw him cross the road" maana yake msemaji aliona tendo lote, tangu ukingo huu hata ukingo wa pili. "I saw him crossing the road" maana yake alimwona akiwa katikati ya kuvuka; huenda hakuona kama alifika. Tofauti ni ya herufi tatu, lakini ni kubwa.

Kisha mwaka 1983 Åke Viberg wa Uswidi alilinganisha vitenzi hivi katika lugha zipatazo hamsini. Aliona utaratibu: neno la macho au la masikio hupanuka likachukua kazi ya ngozi, ya ulimi na ya pua, wala si desturi neno la pua kupanda likawa la macho. Ndivyo kilivyofanya Kiswahili. Twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia baridi na njaa; hata dawa twaisikia, kama isemavyo mithali, Sikio la kufa halisikii dawa. Waganda hufanya hivyo kwa "kuwulira", Wachewa kwa "kumva", Wazulu kwa "ukuzwa". Wala si Wabantu peke yao: Waitaliano husema "sentire" kwa sauti, kwa harufu, na kwa yaliyo moyoni. Basi kijana asemaye "I hear a bad smell" asichekwe. Amefuata njia iliyopitwa na mataifa mengi. Ila Waingereza hawakuipita.

NENO MOJA MBELE YA HAKIMU

Sasa tufike kwa jambo tulilolitaja mwanzo. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ilitumika hata katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki zamani za utawala wa Waingereza. Katika kifungu chake cha 60 iliagiza kwamba ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja. Jambo liwezalo kuonekana lishuhudiwe na mtu asemaye kwamba aliliona. Liwezalo kusikika, na mtu asemaye kwamba alilisikia. Na litambulikanalo kwa mlango mwingine wa fahamu, na mtu asemaye kwamba alilitambua kwa mlango huo. Kenya ilipotunga sheria yake mwaka 1963, na Tanzania mwaka 1967, zilishika mgawanyo huo huo. Na habari ambayo mtu ameipata kwa kuambiwa tu huitwa kwa Kiingereza "hearsay", yaani usikivu wa maneno ya wengine, nayo kwa kawaida haikubaliwi. Wahenga wetu walikwisha sema, Kusikia si kuona.

Tuseme basi shahidi asimama, asema kwa Kiswahili safi, "Usiku ule nilisikia moshi, nikatoka nje." Mkalimani aliyejifunza kwamba kusikia ni "hear" atamwambia hakimu kwamba shahidi "heard about smoke" au "heard smoke". La pili ni upuzi. La kwanza ni baya zaidi, kwa kuwa limemgeuza mtu aliyekuwapo akawa mtu aliyeambiwa. Ushahidi wake wa pua umekuwa uvumi. Neno lililotakiwa lilikuwa "I smelt smoke".

Au tuseme shahidi asema, "Nilimwona akivuka barabara." Mkalimani akifasiri "I saw him cross", amemfanya shahidi aapie kwamba aliona hata mwisho wa safari, jambo ambalo hakulisema. Au tena asema, "Niliwasikia wakinong'ona." Mkalimani akiandikisha "I listened to them", amemfanya mtu mwenye adabu kuwa mdukuzi, aliyesimama ukutani kwa kusudi, kumbe maneno yalimfikia tu, na Kiingereza kina neno la haki kwake, "overheard". Hakuna uongo uliosemwa na mtu yeyote. Hata hivyo mtu aweza kupotewa na haki yake kwa sababu ya kitenzi. Na wakalimani hawa walisoma katika shule kama zetu, na maneno yao ya kwanza waliyapata ubaoni kama wengine wote.

YAWAPASAYO WAALIMU

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, kitenzi cha fahamu kisiandikwe ubaoni peke yake. Kiandikwe ndani ya sentensi, pamoja na neno linalokifuata, "look at the map", "listen to the bell", ili jicho la mwanafunzi lizoee jamaa nzima.

Pili, mwanafunzi afundishwe kuuliza swali moja kabla hajachagua neno: Je, jambo hili limempata mtu, au amelitenda kwa kusudi, au ni hali ya kitu chenyewe? Kwa macho atajibu "see", "look at" au "watch", na "look", kama katika "he looks tired". Kwa masikio atajibu "hear", "listen to", na "sound". Kwa pua, ulimi na ngozi neno ni lile lile kwa majibu yote, naye apime maana kwa sentensi.

Tatu, mwalimu aanze na Kiswahili. Watoto wetu tayari wanazijua tofauti hizi, ila hawajaambiwa kwamba wanazijua. Hakuna mtoto wa pwani wala wa bara achanganyaye kuona, kutazama na kuonekana. Wala kusikia, kusikiliza na kusikika. Wala kunusa, kusikia harufu na kunukia. Mpangilio wote umo katika lugha yao, nao ni kamili kuliko ule wa Kiingereza. Mwalimu auandike ubaoni kwa Kiswahili kwanza, awaache wauone uzuri wake, ndipo aweke maneno ya Kiingereza mahali yanapostahili, na kuacha wazi mahali ambapo Kiingereza hakina neno. Hapo mwanafunzi atajifunza lugha ya pili pasipo kuidharau ya kwanza.

Kazi hii yataka savu, maana orodha ya ubaoni huandikwa kwa dakika tano, na sentensi njema hutaka saa nzima. Lakini mtu aliyefundishwa hivyo, akisimama siku moja kati ya watu wawili wasiofahamiana lugha, atapeleka neno kama alivyolipokea: la jicho kama la jicho, la sikio kama la sikio, na lililokusudiwa hatalichanganya na lililotukia tu.